Nimejaribu na Nimesikia

Tarehe 6 Februari

Kinda, mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama ule mkanda wake ulioondoka nao sasa unakutosha, au bado unauzungusha mara mbili. Mama hajambo kabisa. Mama, tuseme ukweli, amekuwa mtihani. Amenunua mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ndogo ya trei moja, bila kuniambia, na ameiweka chumbani kwako juu ya ile meza uliyokuwa ukifanyia hesabu na kuichora kwa kisu. Mimi natotolesha vifaranga nyuma ya nyumba yangu tangu hujaota ndevu, nusu ya mji huu wananunua kwangu, lakini Mama hataki nimwambie hata waya unachomekwa wapi. "Nilikufundisha kutembea," ananiambia, "leo unifundishe kuku?" Basi nimekaa pembeni. Anasema akikwama atauliza anakojua mwenyewe.

Barua hii nimempa dereva wa lori la chakula cha kuku, yule mwenye maneno mengi. Huja huku mara moja kwa mwezi kuteremsha magunia, na kiwanda chao hakiko mbali na ofisi yenu. Utasema kwa nini nisipige simu. Nikipiga unaniambia, "Dada, niko kwenye kikao." Nikituma ujumbe unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Karatasi haina kidole gumba, itabidi ukae chini usome.

Jambo lenyewe ni Bandani, ule mtandao wetu.

Unakumbuka tulivyoianza, jikoni kwangu, wewe na kompyuta yako iliyokuwa imefungwa kwa raba isiachane, mimi nakatakata mboga. Nilitaka mahali ambapo mfugaji aliyekwama anauliza, na mwenzake aliyewahi kukwama hivyo hivyo anamjibu. Wewe ulijua mitambo, mimi nilijua kuku. Sheria tukaweka moja, na ilikuwa yangu: kila jibu lianze na neno moja kati ya mawili. Nimejaribu, kama umelifanya kwa mikono yako kwa kuku wako. Nimesikia, kama umeambiwa. Na aliyeuliza arudi baadaye aandike Marejeo, aseme mambo yaliishaje. Ukilipenda jibu la mtu unamrushia punje, ndiyo kura yako. Punje haikuwa na kazi nyingine. Ilikuwa asante.

Nilipokubali tuwauzie Bandani hao wakubwa wako, uliniapia kwamba sheria haitaguswa. Kweli, hawajaigusa. Wameamua tu kwamba punje sasa ni pesa. Ukiandika unalipwa, ukirushiwa punje unalipwa zaidi, na anayerusha naye anapata chake.

Njoo uone matokeo. Nikifungua asubuhi nakuta swali lile lile limeulizwa na watu mbalimbali, limebadilishwa nguo tu. Anayeuliza na anayejibu ni mtu na shemeji yake. Chini yao wamejipanga wa "asante kwa jibu zuri", kila mmoja na punje mkononi, nipe nikupe. Mzee Tochi, yule bingwa wetu wa kumulika mayai kuona kama yana kifaranga, ambaye ukimuuliza leo anakujibu keshokutwa kwa sababu kwanza anakwenda kuangalia ya kwake, majibu yake yako chini kabisa, hakuna anayefika huko. Wala hakuna anayeandika Nimesikia tena. Dunia nzima imejaribu kila kitu.

Juzi nimekutana na maneno yangu mwenyewe. Unakumbuka ile siku umeme ulipokatika nikayafunga mayai ndani ya blanketi la marehemu Baba, nikalala nayo kama mzazi? Niliandika Bandani. Sasa kuna mtu ameyaweka kama yake. Nimejaribu, anasema, na blanketi la marehemu baba yake ameliweka humo humo. Kijana wa watu amemuua hata baba yake apate punje. Nilicheka, halafu nikakasirika, na hasira haijaisha mpaka hivi ninavyokuandikia.

Wewe uko ndani kule. Waambie waache. Nakuomba kama mdogo wangu, si kama mkubwa wa ofisi.

Dada yako

*

Tarehe 1 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka pumba, nikajikuta nimeinusa kabla ya kuisoma. Pole kwa goti. Mwambie Shemeji mkanda sasa nauzungusha mara moja na nusu, maendeleo yapo. Mimi nipo salama. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya tatu, maji yanapanda yanapotaka, jirani wa kushoto bado anajifunza tarumbeta na bado hajajua. Nimefurahi sana kuhusu Mama. Mwache afanye mambo yake, asiguse tu zile picha nilizobandika ukutani.

Ofisini wametuhamishia kwenye ukumbi mmoja mpana wenye viti vya magurudumu. Ukutani kuna skrini kubwa inayoonyesha watu wameandika mara ngapi leo. Tukienda vizuri inakuwa ya kijani, tukilegea inakuwa nyekundu, na ikiwa nyekundu bosi wetu anatembea katikati ya meza kama mtu aliyepoteza ufunguo. Usicheke, hata mimi nikiiona nyekundu nakimbilia kuandika.

Sasa, kuhusu punje. Dada, mcheza kwao hutunzwa. Kwa miaka yote ile watu waliojua walitoa ujuzi wao bure, na wewe mwenyewe ulikuwa ukinung'unika kwamba watu wanakukamua usiku na mchana halafu vifaranga wananunua kwingine. Leo wanalipwa, imekuwa dhambi? Wewe vifaranga hutoi bure, na hakuna aliyesema malipo yanawaharibu. Zamani swali la mtu lilikaa mpaka keshokutwa likimsubiri Mzee Tochi amalize kuangalia, na kuku hawasubiri keshokutwa. Sasa swali halikai hata saa moja.

Wezi wapo, sikatai. Yule wa blanketi nimemfungia. Amerudi kwa jina jingine, nitamfungia tena. Muuza samaki hafungi duka kwa sababu ya nzi.

Na nisikufiche: bosi anataka sisi wafanyakazi tuchangamshe mahali, kila mmoja ajibu maswali machache kila siku. Mimi natumia jina langu la siku zote. Ukiona "Kinda" ujue ni mdogo wako anakupungia mkono.

Nisalimie Mama sana. Mwambie nitakuja nikipata nafasi.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Aprili

Kinda,

Hatujambo. Goti linaendelea kuwa goti. Shemeji yako amepata kazi ya kupaka rangi shule, anarudi jioni na nywele za kijani, watoto wa jirani wanamwita Kasuku. Mama yupo. Anakula kidogo. Mashine yake ameizima, na dirisha la chumba chako liko wazi mchana kutwa. Ukiniuliza sababu sitakuambia, nimekatazwa.

Mzee Tochi amenipigia simu kuniaga. Anaondoka Bandani. Nikamwambia avumilie, naye akaniambia, kwa jina langu la Bandani, "Mama Vifaranga, nilipojibu bure nilikuwa mwalimu. Sasa naonekana mzee anayegombea sarafu na watoto." Unajua nilimpataje yule mzee? Nilimuuliza swali moja la mayai ya bata, akakaa kimya wiki nzima, nikamtukana moyoni. Kumbe alikwenda kuazima mayai ya bata ayatie mashineni aone mwenyewe. Watu wa namna hiyo huwezi kuwanunua, lakini kuwafukuza unaweza.

Umenichoma na lile neno lako la vifaranga. Nimelifikiria siku nyingi nikiwa nageuza mayai, kwa sababu lilikuwa na akili. Ni kweli nauza. Lakini mnunuzi wangu anamwona kifaranga, anamsikia akilia, anamgeuza tumbo, ndipo anatoa pesa. Nyinyi mnalipa siku ile ile mtu anapoandika. Jibu la kuku huchukua wiki tatu mpaka ujue lilikuwa la kweli au la uongo, na wiki tatu zikifika mwandishi ameshalipwa, ameshaandika mengine mia. Mnalipa yai, Kinda. Kifaranga hamna habari naye. Na mtu akilipwa kwa mayai tu, kwa nini asitage hata ya udongo?

Sasa nakuja kwako. Kabla sijafunga akaunti yangu, ndiyo, nimeifunga, nilisoma jibu moja la Kinda. Mtu aliuliza afanye nini na mayai yaliyochafuka kabla ya kuyatia mashineni. Ukajibu: "Nimejaribu. Osha kwa maji baridi na sabuni kidogo, futa kwa kitambaa safi, yatie mashineni. Mimi hufanya hivyo kila mara, hata moja haliharibiki."

Nakuuliza swali moja tu, na sitaki kitu kingine katika barua yako. Ulijaribu wapi, na yalikuwa mayai ya nani?

Dada yako

*

Tarehe 3 Mei

Dada,

Shikamoo, na poleni na kazi. Kasuku amenichekesha mpaka nimekohoa. Mimi mzima, tena nina habari njema: nimepewa meza ya dirishani. Naona mtaa wote wa chini, muuza magazeti, kinyozi, foleni ya benki. Kazi yangu imeonekana. Nimenunua na viatu, vinabana, lakini nikitembea navyo ofisini watu wanageuka.

Mama ana nini? Mbona unaandika nusu nusu? Nilimpigia Jumapili, akaniambia hajambo, halafu akaniuliza mara mbili kama kazini wananipenda. Nikamwambia wananipenda. Akasema basi vizuri, akakata.

Lile swali lako, Dada, umeliuliza kama polisi. Kujaribu kuna namna nyingi. Mimi nimekulia bandani kwako. Nani alikuwa akiokota mayai kila asubuhi kabla ya shule? Nani alidonolewa na yule jogoo mwekundu mpaka nina kovu? Nikisema Nimejaribu sisemi kama mpita njia. Tena ujue lile ndilo jibu lenye punje nyingi kuliko yote tangu malipo yaanze. Watu wote wale, wafugaji kwa wafugaji, wamelipitisha. Wakosee wote, upatie wewe peke yako?

Na kama unataka Marejeo, yapo. Aliyeuliza alirudi. Anajiita Bibi wa Kona, kibibi cha watu, anaandika kwa herufi kubwa tupu kama anamwita mtu aliye upande wa pili wa barabara. Ameandika: "MAREJEO. YAMETOTOA YOTE. ASANTE KINDA. MUNGU AKUBARIKI KAZINI KWAKO." Tulimsoma kwa sauti ofisini, tukacheka mpaka mmoja wetu akaanguka na kiti. Bosi amelibandika jibu langu na marejeo yake juu kabisa ya ukurasa, kila anayefungua Bandani anaanza na hayo.

Kwa hiyo tulia, Dada. Safari hii kifaranga yupo.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Mei

Kinda,

Salamu utazipata mwisho, zikibaki.

Bibi wa Kona ni Mama.

Rudi usome tena mstari huo ukipenda, mimi nimeuandika mara moja na mkono umeniuma. Nyumba yetu iko kwenye kona, au umesahau? Hakutaka kuniuliza mimi, akaenda kuuliza Bandani kwa jina la kujificha ili nisimtambue. Wewe hukumjua. Yeye alikujua. Jina la Kinda alikupa yeye, ulipozaliwa wa mwisho ukawa hutaki kutoka kifuani.

Mwezi wa tatu nilipita kumjulia hali. Harufu ilinipokea mlangoni. Mama alikuwa amekaa uani, mikono mapajani. Nikaingia chumbani kwako. Mayai yalikuwa yameoza trei nzima, mengine yamepasuka, uchafu wa kijani umechuruzika mezani umeingia kwenye michoro yako ya kisu. Yai lina vitundu vidogo usivyoviona, na likikutana na maji baridi linavuta uchafu ndani. Mfugaji yeyote aliyewahi kujaribu mara moja anajua, kwa sababu hatasahau harufu yake. Nilifungua dirisha, nikatoka, nikamuuliza nani alimwambia aoshe.

"Aliyejaribu," akasema.

"Nani huyo?"

"Kinda. Kaandika Nimejaribu. Mwanangu hawezi kuandika hivyo kama hajajaribu. Si mliweka sheria wenyewe?"

Nikamwambia kwamba tangu uondoke hujashika yai isipokuwa la kukaanga. Akanikatiza. Akasema labda yeye ndiye aliyekosea, labda alitumia sabuni nyingi. Mwanamke mzima, Kinda, anatafuta kosa kwenye sabuni. Halafu akaniapisha nisikuambie, eti utajisikia vibaya kazini. Nikanyamaza. Nikakuuliza lile swali moja, nikakuachia mlango wazi upite mwenyewe, ukaniletea habari za viatu.

Kuhusu Marejeo sikuwa na habari, akaunti yangu nilikuwa nimeifunga. Nimeyajua kwa barua yako. Nilitoka hapa na karatasi mkononi, nimevaa ndala za Shemeji yako bila kujua, mpaka kwa Mama.

"Mama, umeandika kwamba yametotoa?"

"Nimeandika."

"Kwa nini, Mama?"

"Walikuwa wananiuliza pale chini kila siku. Bibi, vipi, yametotoa? Bibi, tuambie. Ningeandika nini? Mbele ya watu wote wale niandike kwamba mwanangu muongo?"

Mama yetu, ambaye alikurudisha dukani kwa miguu kurudisha peremende moja uliyopewa kwa bahati mbaya. Ndiye huyo mliyemsoma kwa sauti mkacheka. Na bado hujasikia. Uongo wake umependwa. Punje zinamiminika, simu inalia kila mara, umepata punje, umepata punje. Ameizungushia kitambaa akaiweka chini ya mto. Anasema ikilia anahisi anaitwa na mtu anayemdai.

Na haikuishia kwa Mama. Mke wa fundi viatu ameniletea ndoo ya mayai yaliyooza. Mwalimu wa chekechea naye. Wote wananionyesha jibu lako, na chini yake ushuhuda wa Mama, wananiuliza, "Sasa sisi tulikosea wapi?" Nilikuwa nimesimama bandani kwangu, naulizwa swali la mayai ambalo ningelijibu usingizini, nikasema sijui. Ningesema kweli ningewavua nguo watu wawili wa damu yangu. Umenifanya niwe kama hao wa Bandani. Mimi, niliyeitunga ile sheria.

Nilidhani walioharibu Bandani ni wezi wa blanketi. Nikakuandikia wewe uwafukuze. Kikulacho ki nguoni mwako. Ungekuwa mtu baki ningesema njaa ni njaa. Lakini wewe ulikaa jikoni kwangu, ulikula chakula changu, ulijua lile neno lina maana gani, na uliliuza ukijua. Umenisaliti, na umemfanya Mama akusaidie.

Salamu hazikubaki.

Dada

*

Tarehe 30 Juni

Dada,

Shikamoo. Dereva amepita mara ya kwanza nikamwambia barua haijawa tayari. Haikuwa kweli. Hata sikuwa nimeianza.

Sijajaribu. Sijawahi kutotolesha yai hata moja. Nilisoma mahali maelezo ya kuosha mayai ya kula. Skrini ilikuwa nyekundu, bosi anatembea, nikayachukua nikayaweka. Nikaandika Nimejaribu kwa sababu jibu lenye neno hilo mitambo hulipandisha juu kuliko lenye Nimesikia. Na aliyeifundisha mitambo hivyo ni mimi, mwaka jana, walipoanza mpango wa malipo. Niliona ni kuiheshimu sheria yako. Wiki ile ile watu wote wakawa wamejaribu, nami niliona, nikanyamaza, kwa sababu rangi ilikuwa ya kijani.

Nilikwenda kwa bosi kumwomba tulifute lile jibu. Akasema jibu lenye punje nyingi kuliko yote halifutwi, ndilo linaloleta watu. Nikamwambia ni uongo. Akaniuliza, "Nani kalalamika? Si bibi mwenyewe kashukuru?" Nikashindwa kumwambia bibi ni nani. Nikarudi mezani nikaandika chini yake, kwa jina langu: "Sijajaribu. Msioshe. Mayai yanaoza." Mitambo inajua maneno mawili tu, hilo la tatu haikulijua, ikalitupa chini kabisa.

Asubuhi yake meza ya dirishani ilikuwa ya mtu mwingine. Kuhusu kazi, wamesema watanijulisha. Sikuambii ili unionee huruma.

Nampigia Mama kila siku. Simu yake haiiti hata kidogo. Mwambie, Dada. Au usimwambie, utakavyoona.

Kinda

*

Tarehe 18 Julai

Kinda,

Hatujambo. Shemeji yako amemaliza kupaka shule, nywele zimerudia rangi yake, watoto bado wanamwita Kasuku na nadhani atazikwa na jina hilo. Goti limepata dawa ya kuchua. Mzee Tochi amenitumia salamu na swali la mayai ya kanga, nimemjibu kwa barua, tumeanza kuandikiana. Anachelewa kama kawaida yake.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kumpelekea Mama. Nilitaka kwanza nijue kwamba nitakapomsomea, sauti yangu haitamsema vibaya mtoto wake mbele yake. Nilimsomea uani. Hakunikatiza. Nilipofika pale pa meza ya dirishani akasema, "Viatu vyenyewe vilikuwa vinambana," kama vile hilo ndilo la maana.

Kisha akaenda akaitoa simu chini ya mto. Ilikuwa imezimika siku nyingi, ndiyo sababu ukipiga haiiti. Tukaichaji, tukasubiri ilie mpaka ichoke kulia. Akanipa nimtafutie maneno yako. Nilishuka, nikashuka, nikapita asante kwa jibu zuri zisizo na mwisho, kidole kikaniuma. Nilipoyafikia nikampa. Alivaa miwani, akasoma, akavua, akaifuta, akasoma tena. Halafu akaanza kuandika, herufi moja moja, kubwa zote. Nikamwambia hakuna atakayeona huko chini. Akasema hawaandikii wao.

Aliandika: "MAREJEO. HAYAKUTOTOA HATA MOJA."

Ndipo akainuka akachukua maji ya moto na brashi, akaingia chumbani kwako kusugua meza. Michoro imebaki na rangi ya kijani ndani, haitatoka. Picha zako za ukutani hakuzigusa. Mashine ameichomeka, safari hii ameniita nimwoneshe waya, na anasema trei iko tupu na hataitia mayai mpaka uje uyatie wewe kwa mkono wako, ukae wiki tatu, uyageuze, uone mwisho wake. Kazi wakikuacha au wasikuache, anasema uje.

Huyo ni Mama. Umeniuliza nini mimi? Hujaniuliza, lakini kila mstari wa barua yako ulikuwa unaniuliza, na nimekaa hapa bandani, mashine zinavuma, nikitafuta jibu ambalo si la uongo. Nimeona nikujibu kwa sheria yetu, kwa kuwa sasa tumebaki nayo wachache.

Kusamehe mtu wa damu yako aliyekuuza: Nimesikia inawezekana. Bado sijajaribu.

Dada yako